Antena ya GPS kwenye gari: ibandike wapi isije ikakupeleka baharini

Mzee mmoja wa Mikindani, hapa Mtwara, alinijia asubuhi na Noah yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akinikabidhi funguo. "Mwanangu, gari langu linaogelea."

Nikadhani linaingiza maji. Akaniambia panda. Akawasha redio, ile ya Android yenye kioo kikubwa aliyofungiwa mwezi uliopita, tukaenda nalo mpaka pale barabara ya Lindi inapopita kandokando ya ghuba. Kweli bwana. Sisi tuko juu ya lami, matairi makavu, lakini kimshale kwenye ramani kiko majini, kinakwenda sambamba na ngalawa iliyokuwa inatoka. Tukasimama. Kimshale hakikusimama. Kilitembea kidogo, kikageuka, kikarudi ufukweni, kikapanda juu ya nyumba ya watu.

Tuliporudi nilifungua dashibodi. Antena niliikuta nyuma ya redio: kidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, kimeviringishiwa waya wake wote wa mita tatu kama uzi kwenye kigogo, kikafungwa kwa solotepu juu ya mabomba ya AC. Uso wake umelala chini. Juu yake limepita lile chuma kubwa linaloshikilia dashibodi, na ubavuni ipo chaja ya kamera ya kioo cha mbele. Aliyeifunga alitaka kazi iwe safi, waya usionekane. Waya haukuonekana, na antena nayo haikuona chochote.

Magari ya namna hii nayapokea kila mara, hasa kuanzia Oktoba msimu wa korosho unapofunguka na watu kupata fedha za kuyarembesha. Kwa hiyo naandika hapa jinsi ninavyofanya mimi. Ukiwa na bisibisi, subira na nusu siku, unaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza elewa antena inatafuta nini

Setelaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mawimbi yake ya kiraia yanakuja kwa MHz 1575.42, na yanapofika ardhini ni dhaifu kuliko mawimbi ya mnara wowote wa simu uliopo mjini. Yanapita kwenye kioo cha kawaida, plastiki, kitambaa na faiba. Kwenye chuma hayapiti, hata bati jembamba kiasi gani. Maji nayo yanayanyonya, ndiyo maana mwembe mnene uliolowa mvua unasumbua, wakati mnazi wala huujali.

Ili kifaa kijue kilipo kinahitaji setelaiti nne kwa wakati mmoja: tatu za kupata mahali, ya nne ya kusahihisha saa yake. Kwenye uwanja mweupe utaona nane, kumi au zaidi. Tatizo la magari mengi si kwamba antena haioni kitu kabisa. Inaona mbili tatu moja kwa moja, halafu nyingine inazisikia kwa mwangwi.

Mwangwi huo ndio uliompeleka mzee baharini. Mawimbi yakigonga paa la bati, ukuta au ardhi kisha ndiyo yaingie kwenye antena, yanakuwa yametembea safari ndefu kuliko kawaida. Kifaa kinapima umbali kwa muda, kwa hiyo kinaamini setelaiti iko mbali zaidi ya ilipo, na hesabu nzima inahama mita thelathini, hamsini, hata mia. Mawimbi ya GPS tena yanakuja yakijizungusha kama parafujo, kwa upande wa kulia. Yakigonga kitu yanageuza mzunguko, yanakuwa ya kushoto. Antena nzuri iliyotazama juu inapokea ya kulia na kuyakataa mengi ya kushoto. Ukiilaza kifudifudi umeipindua kazi yake: mgongo wake ndio unaotazama anga, na uso wake unakaribisha mwangwi unaotoka chini. Fundi aliyeigeuza hakuipunguzia nguvu tu, aliifundisha kusikiliza uongo.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ninayofuata siku zote. Chuma juu ya antena ni adui. Chuma chini ya antena ni rafiki. Ndani ya kile kidude kuna kigae cha kauri cha kama milimita 25 kwa 25, na kigae hicho kinafanya kazi vizuri kikiwa kimekaa juu ya sahani ya chuma inayokizidi pande zote. Paa la gari ni sahani kubwa kuliko unayohitaji. Hata kipande cha bati cha sentimita saba kwa saba kinatosha.

Jua una antena ya aina gani

Redio nyingi za Android zinazouzwa madukani zinakuja na kidude cha sumaku chenye waya wa mita tatu na kichwa cha kukaza kwa nati ndogo. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Gari lililotoka Japani likiwa na redio yake ya ramani huwa lina antena ya asili, mara nyingi imefichwa chini ya plastiki ya juu ya dashibodi, ikiwa na kisahani chake. Mahali pake ni pazuri, maana waliolibuni gari walipapima. Kichwa chake, lakini, hakiingii kwenye redio mpya. Hapa ndipo ninapowaona watu wakikata waya na kuusokota na mwingine kama waya wa taa. Usifanye hivyo hata siku moja. Waya wa antena una moyo katikati na wavu kuuzunguka, na nafasi kati ya hivyo viwili imepimwa. Ukiusokota umeziba njia. Nunua kichwa cha kugeuzia, au acha antena ya zamani ilipo na uweke mpya pembeni yake, juu ya kisahani kilekile ikiwezekana.

Kuna pezi la papa, lile la kubandika juu ya paa kwa nyuma. Sisi watu wa pwani jina lenyewe linatufurahisha. Lakini mengi yanayouzwa ni urembo mtupu: ukilifungua, ndani kuna hewa, au kijiwaya kimoja cha FM. Kabla hujalipa, ligeuze na uhesabu nyaya zinazotoka chini. Kama hakuna waya mnene wa antena wenye kichwa cha GPS, unanunua pezi, papa hayumo.

Vifaa vya kufuatilia gari, vile vinavyotuma mahali gari lilipo kwa laini ya simu, vingi vina antena ndani ya boksi lenyewe. Hivyo nitavigusa mbele. Mabasi ya mikoani yanayofuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, usiyaguse kabisa. Kifaa kile ukikihamisha hata kwa nia njema unajitafutia kesi.

Chagua mahali

Paa ni namba moja, na sina mjadala katika hilo. Weka kidude angalau sentimita kumi kutoka ukingo wowote, uso juu, na kaa mbali na antena ndefu ya redio. Kati kati ya paa ndiyo bora kwa mapokezi, ila waya unakuwa mrefu nje na unapigwa jua. Mimi huweka nyuma kidogo, usawa wa katikati, waya ukaingia kwa raba ya mlango wa buti.

Hata hivyo, kwa magari ya huku kusini, paa nalipendekeza mara chache kuliko vitabu vinavyosema. Sababu ya kwanza ni keria. Ukiwa na keria na unaipakia, juu ya antena kutakuwa na mabomba ya chuma, kisha madumu ya maji, ndizi, tenga la samaki. Sababu ya pili ni mchanga. Ukitoka Msimbati mchanga mwembamba unaingia chini ya sumaku, gari likitikisika sumaku inasaga rangi, na palipokwanguka chumvi ya bahari inamalizia. Baada ya mwaka una duara la kutu. Ya tatu ni vijana wa stendi. Kidude cha sumaku kinang'oka kwa vidole viwili.

Wenye Land Rover za zamani wanashangaa sumaku haishiki. Bodi ile ni aluminiamu. Bado inafaa kabisa kama sahani ya chini, ila itabidi ubandike kwa dabo tepu.

Juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, ndipo ninapoweka antena za magari mengi. Kioo kimelala, anga la mbele linaonekana lote, na la juu linaonekana sehemu kubwa. Paa linakata upande wa nyuma tu. Kwetu hapa hasara hiyo ni ndogo. Tuko nyuzi kumi kusini ya ikweta, na setelaiti za GPS zinapita kaskazini yetu na kusini yetu pia, nyingi zikiwa juu sana. Mtu wa Ulaya kaskazini ana shimo kubwa kwenye anga lake upande wa ncha ya dunia. Sisi hatuna shida hiyo.

Sogeza antena mbele iwezekanavyo, karibu na mguu wa kioo, sio karibu na usukani. Dashibodi ni plastiki, kwa hiyo chini yake weka kile kibati cha sentimita saba, kitoboe pembe, kipake rangi nyeusi kisimulike machoni. Wengi wanakiruka kibati. Usikiruke. Nimeona nguvu ya mawimbi ikipanda desibeli (ndicho kipimo chake) tatu nne kwa kipande cha bati kilichokatwa kwenye debe la mafuta ya kula.

Kioo chenyewe kinaweza kukusaliti. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, yana kioo chenye utando wa metali wa kuzuia joto, na utando huo unazuia GPS vilevile. Huwa wameacha dirisha dogo lisilo na utando karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Antena ikae hapo. Tinti nazo ziko za aina mbili: za rangi tu hazina neno, zile zinazong'aa kama kioo kwa nje zina metali ndani. Kama uliweka tinti ya kung'aa mpaka kwenye kioo cha mbele, rudi kwenye paa.

Chini ya plastiki ya dashibodi panakubalika ikiwa hutaki kitu kionekane. Masharti ni mawili: iwe juu ya lile chuma kubwa, na uso utazame juu. Pasa mkono, gonga plastiki kutoka nje mpaka ujue hakuna chuma katikati. Nyuma ya redio, kwenye droo, chini ya kiti, ndani ya bampa: hapana.

Kwenye kioo cha nyuma, usiiweke juu ya zile nyuzi za kupasha kioo. Ziko karibukaribu na zinatosha kuivuruga.

Fuso na malori ya mzigo yana jambo lake. Bodi la nyuma limepanda juu kuliko kabini, limekata nusu ya anga. Antena ikae ukingo wa mbele wa paa la kabini au kwenye dashibodi. Kirikuu chenye kibanda cha faiba nyuma hakina chuma cha kutosha chini ya faiba hiyo, kwa hiyo bandika bati kwa ndani, sambamba na antena.

Ijaribu kabla hujaibandika

Hapa ndipo watu wanapokosa subira, na ndipo kazi yote ilipo. Chomeka antena kwenye redio, waya ukining'inia hovyo, na kidude kishike kwa utepe wa karatasi mahali ulipopachagua. Peleka gari uwanja usio na miti wala ukuta. Mimi naenda Shangani karibu na bahari.

Kama redio ni mpya, iache imewaka hapo dakika kumi na tano bila kuigusa. Kuna sababu. Setelaiti inatangaza ratiba ya mzunguko wake kila sekunde 30, na orodha ya setelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kukamilika. Redio iliyozimwa kiwandani huko China haijui kama iko Mtwara. Lazima isome upya. Mtu anayewasha, anasubiri dakika mbili na kusema antena mbovu anaihukumu kabla haijafungua kinywa.

Kisha fungua programu ya kuonyesha setelaiti. Ziko nyingi za bure. Utaona vijiti, kila kimoja setelaiti moja, na namba juu yake, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Namba 40 kwenda juu ni nzuri. Kati ya 30 na 40 inafanya kazi. Chini ya 30 ni mwangwi au kuna kizuizi. Usiridhike na wingi wa vijiti. Nataka nione angalau vinne au vitano vimevuka 40. Angalia na namba za mahali: mjini Mtwara zinakaribia nyuzi 10.27 kusini na 40.18 mashariki, Lindi mjini ni kama 10.0 kusini na 39.7 mashariki.

Andika namba hizo. Halafu sogeza antena kiganja kimoja kushoto, subiri dakika moja, andika. Kulia, andika. Inua kibati, rudisha kibati. Gari la mzee nililipima sehemu tano, na tofauti kati ya nzuri na mbaya, zote zikiwa juu ya dashibodi ileile, ilikuwa desibeli nane.

Sasa washa kila kitu: AC, taa, kamera ya kioo, chaja ya simu kwenye kiberiti cha gari. Namba zikishuka ghafla, umempata mchawi. Chaja za bei rahisi na kamera za kioo zina mzunguko unaopiga kelele kwenye masafa ya GPS. Kwa mzee, kuchomoa chaja ya kamera tu kulipandisha vijiti vyote. Dawa ni kuhamisha antena au waya wa kamera mpaka vikae mbali angalau sentimita thelathini, au kubadilisha chaja. Ukiwa na redio ya upepo kwenye gari, zile za kushika kipaza sauti, ipe antena yake nusu mita au zaidi, maana yenyewe inarusha mawimbi kwa nguvu.

Jioni usifanye kipimo. Miezi ya Machi hadi Aprili na Septemba hadi Oktoba, mara jua linapozama, tabaka la juu la hewa kwenye ukanda huu wa ikweta linachafuka na setelaiti zinaweza kupepesa saa kadhaa, hasa miaka ambayo jua lina vurugu nyingi. Utahangaika na antena isiyo na kosa.

Pitisha waya

Safisha mahali pa kubandika kwa spiriti, si kwa mate wala petroli. Jua la saa saba mchana ndani ya gari lililofungwa linaiyeyusha dabo tepu ya bei chee, asubuhi unaikuta antena imeteleza mpaka kwenye tundu la hewa. Nunua ile nene yenye sponji.

Waya wa juu ya dashibodi unashuka pembeni kati ya plastiki na nguzo ya kioo. Kabla hujaifungua nguzo hiyo, soma. Ukikuta maandishi SRS, ndani kuna eabegi ya pembeni. Waya usipite mbele yake wala kuifunga. Upite nyuma yake, karibu na chuma, ukiwa umeshikwa na mkanda wa plastiki kwenye nyaya zilizopo. Kama huna uhakika, acha nguzo, teremsha waya kwa katikati kupitia tundu la hewa. Eabegi ikifumuka inakuja kwa kasi ambayo kidude cha kilo sifuri kinakuwa risasi.

Noah ya mzee ilikuwa na kitu kilichonirahisishia kazi. Magari mengi ya Japani yana kifaa cha kulipia barabara za kwao, kinaitwa ETC, chenye kiantena chake cheusi juu ya dashibodi au nyuma ya kioo cha kutazamia. Ndicho kile chenye sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila ukiwasha gari. Analalamika kadi haijawekwa. Huku hakina kazi. Nilikichomoa, nikafunga ncha ya waya mpya kwenye ncha ya waya wake wa zamani kwa solotepu, nikavuta upande wa pili. Waya mpya ukafuata njia ileile iliyopitishwa kiwandani, bila kufungua nguzo wala kutoboa kitu. Na antena ya GPS ikakaa palepale kilipokuwa kile kiantena.

Waya wa ziada usiukunje kama kamba ya kiatu. Ukunje kwa duara pana la kiganja, ulegee, uufunge mahali usipogonga. Usiukate ili uufupishe, na usiunge mwingine ili uurefushe. Kila mita ya waya ule mwembamba inakula zaidi ya desibeli moja. Ukihitaji urefu, nunua wa mita tano uliokuja hivyo.

Waya unaoingia kutoka paani ufanye tumbo kabla ya kuingia: ushuke chini ya tundu, kisha upande. Maji ya mvua yatadondokea tumboni. Ukiunyoosha moja kwa moja, maji yanaufuata waya mpaka kwenye silingi, na silingi ya gari ikilowa Machi itanuka mpaka Juni. Paa usilitoboe. Wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri, lakini kwenye hewa ya chumvi sijaona tundu lililokaa miaka mitatu bila kutu.

Chomeka, pima, zuia chumvi

Kaza nati kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa koleo, basi. Antena hizi zina kikuza mawimbi ndani, na umeme wake unatoka redioni kupitia waya huohuo. Kama vijiti vyote vimekufa, chomoa, weka mita kati ya moyo wa tundu la redio na ganda lake, redio ikiwa imewaka. Unatakiwa kuona volti tatu hadi tano. Ukiona sifuri, ugonjwa uko redioni na hata ununue antena kumi hutapona. Ukiona volti zipo, badilisha antena. Usigawe antena moja kwa redio na kifaa cha kufuatilia kwa kuunganisha nyaya. Kila kimoja kinatoa umeme wake na vitagombana.

Kwa sisi tunaolala karibu na bahari, kichwa cha antena kilicho nje ya dashibodi kinapata rangi ya kijani ndani ya miezi. Kivike mpira wa kusinyaa kwa moto, au uzungushe tepu ya raba inayojishika. Silikoni inayonuka siki usiitumie kwenye shaba, inaila.

Kifaa cha kufuatilia kina antena mbili, ya GPS na ya simu. Kama zimetoka kwa nyaya tofauti, zitenganishe sentimita thelathini hivi. Kikiwa boksi moja, kiweke chini ya plastiki ya dashibodi, upande wenye maandishi ya kutazama juu ukitazama juu kweli. Kukificha ndani ya chuma ili mwizi asikione kunamsaidia mwizi.

Na redio ya setelaiti?

Wanaoleta magari kutoka Marekani wananiuliza kuhusu kitufe cha SiriusXM, redio ya kulipia inayorushwa kutoka setelaitini. Setelaiti zile zinahudumia Amerika Kaskazini, kwa masafa ya MHz 2320 hadi 2345. Hazifiki huku, hata uweke antena juu ya mnara wa kanisa la Ndanda. Kanuni ya kuibandika huko kwao ni ileile: paani, uso juu, mbali na keria na kingo.

Afrika tuliwahi kuwa na ya kwetu. WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa na Noah Samara mwaka 1990, ilirusha setelaiti ya AfriStar Oktoba 1998 na kuiweka nyuzi 21 mashariki. Mpokeaji wa Mtwara alitakiwa kuinua kile kibao cha antena nyuzi kama 65 na kukielekeza magharibi, kikiegemea kaskazini kidogo. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika Oktoba 2008, na redio zile zikabaki mapambo. Ukikuta antena yake kwa babu, usijaribu kuifunga kwenye GPS. Masafa ni mengine.

GPS haili bando

Nalisema kwa sababu naulizwa kila siku. Setelaiti inatuma tu, haikutozi. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Ukiwa unakwenda Liwale au Nanyumbu, pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa bado mjini, kisha safiri hata kama minara imekatika. Kimshale kitaendelea kukufuata. Kikipotea dakika moja unapopita chini ya ukingo wa Newala kabla hujatokea juu, usifungue dashibodi. Mlima umekata nusu ya anga, utakurudishia.

Mzee nilimkabidhi Noah saa kumi. Siku ya tatu akanipigia. Kimshale kiko barabarani, alisema, ameenda nacho mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, hakijagusa maji. Halafu akanyamaza kidogo.

"Ila yule mama wa Kijapani, mwanangu. Umemweka wapi?"